Gundi, nta na Greenwell's Glory: jibu kwa fundi wa Nyeri

Swali: Mwalimu, mimi hufunga nzi wa kuvulia trauti hapa Nyeri, yaani chambo bandia cha uzi na manyoya juu ya ndoana. Nilijifunzia karakanani kwa watu, na sasa nimeanza kupokea oda zangu mwenyewe. Mteja mmoja wa Uingereza aliagiza dazeni kadhaa za Greenwell's Glory, nzi mmoja wa zamani wa huko kwao, kisha akawarudisha wote. Anasema si wa asili kwa sababu nimetumia uzi wa poliesta wa rangi ya zeituni na nimeziba kichwa kwa supaglu. Wenzangu wanasema huyo ni maringo tu, samaki hajui gundi. Mwingine ananishauri nihamie gundi ya kukaushwa kwa taa. Nimsikilize nani? Na gundi iliyo sahihi ni ipi?

Jibu: Dada, kuhusu uzi mteja wako ana haki. Kuhusu supaglu anakuonea. Na wenzako wanaosema samaki hajui gundi wamesema kweli bila kujibu swali lako, maana samaki hakuagiza dazeni hata moja kwako. Aliyeagiza ni mtu, tena ameagiza kwa jina. Ukipokea jina kwenye oda umekubali kufunga kitu fulani, si kitu kinachofanana nacho. Kwa hiyo inabidi ujue jina hilo linadai nini na halidai nini, na hapo ndipo ubishi wote wa nzi wa asili unapozaliwa.

Tuanze na Greenwell mwenyewe. Mwaka 1854 kasisi William Greenwell wa Durham alikuwa akivua katika mto Tweed, karibu na kijiji cha Sprouston upande wa Uskoti. Trauti walikuwa wakila mdudu fulani wa mtoni, naye hakuwa na nzi wa kufanana naye. Akachukua wale wadudu akampelekea James Wright, fundi wa hapo kijijini, na Wright akamfungia nzi mpya. Maelezo ambayo Greenwell aliyatoa baadaye ni mafupi mno: bawa litoke upande wa ndani wa bawa la yule ndege mweusi wa bustani za Ulaya, mwili uwe wa hariri ya manjano, kola, yaani manyoya yanayozungushwa nyuma ya kichwa, iwe ya kuku mwekundu yenye moyo mweusi na ncha nyeusi, ndoana namba 14. Basi.

Umeona? Hariri ya manjano. Hakuna zeituni mahali popote. Uzeituni unaoujua wewe na ninaoujua mimi ulitoka kwenye nta. Mafundi wa zama zile walivuta hariri kwenye nta ya washona viatu, ile nyeusi yenye utomvu wa msonobari, ili uzi ung'ang'anie ndoana usiteleze. Nta ikazama ndani ya hariri, manjano yakafifia yakawa zeituni, na bado manjano yanachungulia kwa chini. Nta ile ndiyo iliyokuwa gundi yao, na rangi ya nzi huyu imetokana nayo. Kwa Greenwell's Glory, basi, gundi ni sehemu ya nzi mwenyewe, ila mteja wako ameikosa: ameilalamikia ile ya kichwani, wakati iliyopotea ni ile ya mwilini.

Usinisadiki kwa maneno. Funga mmoja kwa hariri ya manjano iliyopakwa nta nyeusi, mwingine kwa poliesta yako ya zeituni, uwatie wote wawili kwenye glasi ya maji karibu na dirisha. Poliesta itabaki kama ilivyotoka kwenye kibiringo, rangi moja bapa. Hariri italainika kwa macho, itakuwa kama kioo chenye ukungu, na weusi wa ndoana utaonekana kwa mbali ndani yake. Jambo hilohilo liko kwa wale nzi wa kaskazini mwa Uingereza wa uzi na unyoya mmoja tu, kama Partridge and Orange. Rangi ya machungwa inayong'aa ikiwa kavu huwa kahawia nyekundu ikilowa. Mvuvi anayemjua nzi huyo ananunua rangi ya majini, si ya mkononi. Poliesta ya machungwa haimpi kitu hicho, hata ukiifunga kwa ustadi gani.

Nta yenyewe unaweza kuipika nyumbani. Nta ya nyuki peke yake haitoshi, maana hulainisha uzi bila kubadili rangi kwa kiasi cha kutosha. Unahitaji utomvu mkavu wa msonobari, ule wanaopaka wapiga fidla kwenye upinde, uwe mwingi kuliko nta ya nyuki, pamoja na matone ya mafuta ya mbarika ili mchanganyiko usiwe mgumu kama kokoto. Ukitaka nta nyeusi ongeza lami kidogo ya msonobari. Yeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, usiweke kopo moja kwa moja motoni, kwa sababu utomvu huo hushika moto haraka. Mimina kwenye maji baridi, finyanga vidonge. Ukikuta kidonge hakishiki uzi, kirudishe ukaongeze mafuta. Kikigandamana na vidole, ongeza utomvu. Nyeri asubuhi kuna baridi, kwa hiyo kishike kidonge mkononi kwanza kipate joto, la sivyo utaikata hariri.

Kabla hujamwomba radhi mteja, rudi kwenye maelezo ya Greenwell uyasome tena. Hakuna waya wa dhahabu. Ule mzunguko wa waya mwembamba wa dhahabu mwilini, ambao karibu kila karakana huuweka na karibu kila mteja huutarajia, umeongezwa na watu wa baadaye. Sina shaka mteja wako angewarudisha wale nzi kama ungewafunga bila waya. Na bawa je? Nadhani wewe umetumia bata wa kijivu, kama wafanyavyo wengi, na hajasema neno. Kwa hiyo anachokiita asili ni Greenwell wa mabawa ya bata na waya wa nyongeza, ambaye Wright asingemtambua mara moja. Simcheki. Kila nzi mwenye umri mkubwa amepitia mikono mingi, na asili anayoidai mvuvi kwa kawaida ni ile aliyoikuta kwenye kisanduku cha baba yake. Ila ni vizuri wewe fundi ujue tabaka zote, ili ukiulizwa umuulize mwenzako: unataka wa mwaka gani?

Mfano wa upande wa pili ni Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire. Nzi wake wa kuzama wa mkia wa fezanti hana gundi hata tone, na hana uzi pia. Alichukua waya mwembamba wa shaba, akauzungushia kwenye ndoana akaujenga kifua, akausokota pamoja na nyuzi za mkia wa fezanti, akaufunga kwa waya uleule. Waya ni uzito, ni rangi inayometa kwa ndani, ni kifungio. Miguu hakuweka, kwa hoja kwamba mdudu huyo akiogelea huibana miguu yake mwilini. Leo ukipewa oda ya nzi huyo, mara nyingi picha iliyoambatanishwa ina miguu pembeni na kifua cha nyuzi za tausi, na hiyo ni namna iliyotengenezwa Marekani na Al Troth. Ni nzi mzuri sana, anavua. Lakini mteja akiandika "Sawyer" kwenye karatasi ya oda, ukamfungia kwa uzi, miguu na tone la vanishi, umemfungia nzi wa mtu mwingine. Hapo hata supaglu ya kichwani ningeikataa, maana kichwa cha uzi chenyewe hakistahili kuwepo.

Sawyer huyohuyo alituachia ubishi mwingine unaochekesha. Nzi wake mwingine, Killer Bug, alifungwa kwa sufu ya kushonea soksi iliyotengenezwa na Chadwick, rangi namba 477. Sufu hiyo haitengenezwi tena, na kadi zake za zamani watu wameziuza kwa bei ya kushangaza, kwa ajili ya sufu ya soksi! Kilichowavutia si namba. Ni kwamba kijivu chake kikilowa kilikuwa na uwaridi wa mbali. Fundi anayechanganya sufu mpaka apate uwaridi huo ndani ya maji amemfuata Sawyer kuliko yule aliyenunua sufu yoyote ya kijivu kwa jina. Na kabla hujasema Waingereza wana mambo, mjue pia R. S. Austin wa Devon, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alifunga nzi aliyeitwa Tup's Indispensable, na siri yake ikafichwa miaka mingi kwa sababu sehemu ya malighafi ilikuwa sufu ya korodani za kondoo dume. Kondoo dume hawakosekani Nyeri. Ukipata oda hiyo, uoshe sufu vizuri.

Sasa gundi. Niseme mapema kwamba gundi haimshiki nzi. Kinachomshika ni mkazo wa uzi na fundo la kumalizia, lile la kuzungusha uzi juu ya mkia wake mara nne au tano kisha ukavuta. Gundi inalilinda fundo lisilegee na lisikwaruzwe na meno ya samaki. Fundi ambaye nzi wake hufumuka akikosa supaglu ana tatizo la mkazo, na supaglu inamfichia tu mpaka siku mteja atakapovua.

Vanishi ya kawaida ya kichwa ni selulosi iliyoyeyushwa kwenye kimiminika kinachoruka hewani. Rangi ya kucha isiyo na rangi ni ya jamii hiyohiyo, na mafundi wengi duniani wanaitumia bila aibu. Uzuri wake ni kwamba ikiwa nyepesi huingia ndani ya mizunguko ya uzi kabla ya kukauka, na ukiona imekuwa nzito unaipunguza kwa asetoni. Ubaya ni muda: tabaka mbili, tatu, kila moja isubiriwe. Pia asetoni huyeyusha nyuzi za asetati, kwa hiyo kama mwili umetumia uzi wa namna hiyo, chunga tone lisishuke. Kwa nzi wa asili wa kuuza Ulaya, kichwa kidogo cheusi kinachong'aa kwa vanishi ndicho macho yao yamezoea kukiona. Ni urembo, lakini urembo nao unalipiwa.

Supaglu ni sianoakrilati. Harry Coover wa Eastman Kodak aliigundua mwaka 1942 wakati wa vita, ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Haikauki kwa kuruka hewani kama vanishi. Huganda inapokutana na unyevu, hata ule mdogo uliomo hewani na juu ya uzi. Ukielewa hilo unaelewa tabia zake zote. Ndiyo maana tabaka jembamba hushika papo hapo na tone nene hubaki laini katikati. Ndiyo maana pia siku za manyunyu ya Julai kichwa cheusi hutoka na ukungu mweupe: mvuke wa gundi umeganda hewani ukaangukia juu ya nzi. Tumia kidogo, acha hewa ipite mezani, na ukungu utapungua. Chupa ukiiweka kwenye friji itadumu, lakini ikitoka iache ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, usije ukaingiza jasho la baridi ndani. Na tafadhali usishike kazi hii ukiwa umevaa glavu za pamba. Supaglu ikimwagika kwa wingi kwenye pamba hutoa joto la kuunguza ngozi.

Namna ya kuitumia kwa kazi ya dazeni ni hii. Usidondoshe juu ya kichwa. Paka kwa brashi urefu wa kama sentimita mbili za uzi ulio karibu na nzi, kisha fanya fundo la kumalizia kwa uzi huohuo uliolowa. Gundi inaingia ndani ya fundo lenyewe, haionekani, haigusi kola. Lazima mkono uwe mwepesi, ukisita fundo litaganda nusu. Gundi ya kudondoshwa juu hukimbilia kwenye manyoya ya kola na kuyafanya magumu kama miiba ya ufagio, na hilo humharibu nzi wa kuelea na wa kuzama pia. Kama mteja wako aliona kola ngumu, lalamiko lake lina msingi. Kama aliona tu neno supaglu kwenye maelezo yako, hana hoja. Hata Wright angeitumia angekuwa nayo, naye alichagua nta kwa sababu ilishika, si kwa sababu ilikuwa ya kale.

Kuna mahali supaglu inafaa kuliko kitu chochote, nako ni chini ya nyuzi za tausi. Nyuzi hizo ni dhaifu, jino moja linazikata. Paka tabaka jembamba juu ya ndoana, zungushia tausi gundi ikiwa mbichi, kisha pitisha waya kwa mwelekeo wa kinyume. Lakini usiipake kwenye mwili wa hariri hata siku moja. Itazama, itaifanya nyeusi, na ile rangi uliyoihangaikia kwa nta imekwenda.

Kuhusu gundi ya taa: ni akrilati inayoganda kwa miale ya urujuanimno, na taa zake nyingi ziko kati ya nanomita 365 na 405. Kwa mwili wa nzi mwenye gamba linalong'aa, au macho ya nzi wa baharini, haina mpinzani. Imechukua sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ya epoksi, ambayo ilibidi uichanganye, uizungushe isitiririke, kisha uione inageuka manjano baada ya muda. Kwa kichwa cha Greenwell namba 14 siioni faida yake. Inakaa juu ya uzi badala ya kuingia ndani, na juu ya uzi mweusi mnene mwanga haufiki chini, unapata ganda gumu juu ya uji. Uso wake pia hubaki unanata kwa sababu oksijeni huzuia tabaka la juu lisigande, mpaka uufute kwa spiriti. Zaidi ya hayo, dada, wewe unafunga kutwa kucha. Akrilati ambayo haijaganda ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kukuletea mzio, na mzio huo ukishaingia hautoki. Ukiitumia, vaa glavu za nitraili. Na usiweke chupa dirishani. Jua letu la ikweta litaigandisha kabla hujaamka na taa.

Nyuzi nizipitie haraka. Usinunue kwa namba za 6/0 na 8/0 peke yake, kila kiwanda kina namna yake ya kuhesabu. Angalia denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi. Denia 70 au karibu nayo inatosha kwa nzi wadogo. Nailoni hulala bapa na kuvutika, poliesta ni ya mviringo zaidi na haivutiki sana. Ule uzi mweupe wenye nguvu za ajabu wa polithini ni mzuri kwa kubana nywele za paa, lakini supaglu haiupendi, hushika juujuu tu. Hariri ibaki kwa nzi wanaoidai kwa jina.

Sehemu moja ya ubishi huu si ya ladha, na hapo usimsikilize mteja hata kama ana kitabu cha mwaka 1895 mkononi. Nzi wa samoni wa enzi za Malkia Victoria, kama Jock Scott, walifungwa kwa manyoya ya ndege wa dunia nzima, wakiwemo tandawala na jogoo wa mwituni wa India, na wapo watu wanaotaka kila unyoya uwe uleule. Mwaka 2009 kijana mmoja, Edwin Rist, aliiba ngozi 299 za ndege kwenye makumbusho ya Tring, Uingereza, kwa ajili ya soko hilo. Alikiri akapewa kifungo cha nje. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali kwa anayekutwa na sehemu ya mnyama au ndege wa porini bila kibali. Unyoya uliookotwa chini ya mti ni unyoya wa ndege wa porini vilevile. Manyoya yanayouzwa kama marabu siku hizi ni ya bata mzinga wa kufugwa, si ya wale makorongo wanaokaa juu ya miti karibu na uwanja wa Nyayo. Waache na miti yao. Badala ya tandawala, bata mzinga aliyetiwa rangi anatosha, na uandike wazi kwenye ankara kwamba ni mbadala.

Kwa hao aliowarudisha, usiwatupe. Watoe jina la Greenwell, wauze kama nzi wa zeituni wa kawaida kwa wavuvi wa mito yetu. Trauti wa Aberdare, ambao mlowezi Ewart Grogan aliwaletea mayai yao mwaka 1905 akayapandikiza mto Gura, ni wazao wa samaki wa Uskoti, lakini kuhusu poliesta hawajawahi kuandika barua.

Mwandikie mteja sasa hivi, usingoje akusahau. Kubali kosa la uzi, mweleze kwamba utamfungia kwa hariri ya manjano na nta nyeusi, na supaglu itabaki ndani ya fundo tu, na vanishi juu. Muulize mambo matatu: anataka waya wa dhahabu au hataki, bawa liwe la ndege gani kati ya wale unaoweza kuwapata kihalali, na nzi ni wa kuzama au wa kuelea, maana kola ya jogoo na ya tembe si moja. Mtumie sampuli mbili kabla ya dazeni. Kisha mpe bei mpya. Hariri yenye nta inafungwa polepole kuliko poliesta, vichwa vya vanishi vinasubiriwa, na jicho la kila ndoana lazima ulisafishe kwa kupitisha shina la unyoya vanishi ikiwa bado mbichi. Bei uliyompa mwanzo ilikuwa ya kazi uliyoifanya mwanzo.